Laini Kwenye Mkebe wa Majani Chai

Jumatatu, 3 Februari

Simu imefika. Binti yangu Mukonyo, aliye Doha, ameituma kwa mkono wa mwenzake aliyekuja likizo. Nyeusi, nyembamba, nzito kuliko inavyoonekana. Ameambatanisha karatasi: Baba, simu hii haikufungwa kwa kampuni yoyote, itakubali laini yoyote utakayoitia. Nimeisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Kitu kisicho na kwao, na bado kinapokelewa popote. Mimi niko hapa Kitengela tangu tulipofukuzwa shambani kwetu kule nyanda za juu, na hadi leo naitwa yule mzee mgeni wa karibu na machimbo ya mawe.

Tundu la laini ni moja tu. Sawa. Laini ninayo moja tu.

Iko kwenye mkebe wa majani chai, nimeifunga kwa kitambaa cha marehemu mke wangu. Ni ya Nyika, kampuni ndogo ya huku kusini. Niliinunua mwaka tuliofika. Kisha nikarudi kule mara moja, kufuata mabati yaliyosalia, na nikamfundisha Namalwa namba yake kwa kuiimba. Namalwa alikuwa jirani yetu. Yeye hakufukuzwa, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mtu wa pale. Nilimwandikia namba hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango wake, endapo wimbo utampotea.

Kazi yake ilikuwa moja: kunipigia mpeasi, ule mti wetu wa matunda, unapochanua. Chini ya mpeasi huo amelala Muteti, kijana wetu, aliyekufa kwa homa ya mapafu akiwa darasa la sita. Tulimzika, na kabla udongo haujashuka tukafukuzwa. Namalwa hana simu. Huazima ya yeyote aliye karibu, kila mara namba mpya. Siwezi kumpigia. Yeye ndiye wa kunipigia.

Simu yangu ya zamani ilipokufa nilifanya jambo la busara: nikaitoa laini na kuihifadhi. Laini haiozi. Simu zote alizopiga zitakuwa zinanisubiri humo ndani, kama barua kwenye sanduku la posta la shule. Kesho nalifungua sanduku.

Jumanne, 4 Februari

Siku ya aibu. Naiandika kwa usahihi, ili isije ikasimuliwa vibaya na wengine.

Laini za zamani ni pana kama ukucha wa dole gumba. Tundu la simu hii ni dogo kama la sindano. Keziah, mama wa kibanda cha simu pale stendi, ana kidude cha kukatia laini. Sikutaka. Mtu hapeleki sanduku lake la barua kwa fundi likakatwe. Nikachukua rula, penseli na wembe. Nikapima. Nikakata. Ikaingia. Mimi si bure!

Kabla ya hapo kipini cha kufungulia tundu kilikuwa kimepotea, nikaenda kuchuma mwiba kwenye ua wa Kuntai. Kuntai ni jirani yangu. Ana ng'ombe, kuku, nyumba za kupangisha, na simu inayoshika mtandao hata akiwa chooni, jambo ambalo ametuthibitishia sote kwa sauti. Alinikuta nimeinama. Akaniuliza kama nimeamua kulihamisha ua lake mwiba mmoja mmoja. Nikamjibu kwamba nachunguza mimea. Akasema basi niichunguze ya upande wa pili, ile ni ya serikali.

Simu ikawaka vizuri. Ikaandika: Hakuna huduma.

Nikawaza. Nyumba yangu iko bondeni. Mtandao hupita juu, kama ndege. Kuntai ana tanki la maji juu ya mnara wa chuma. Nikamsubiri aende kwa kuku wake, nikapanda ngazi yake. Juu upepo mzuri. Niliona barabara ya Namanga yote, na malori ya mawe. Sikuona mtandao.

Nilipogeuka, ngazi haipo. Kuntai alikuwa ameichukua kutengenezea paa la banda la kuku.

Mwalimu mstaafu hapigi kelele juu ya tanki. Nilikaa. Nilisoma kitabu cha maelezo ya simu, sehemu ya Kiarabu pia, ingawa sijui Kiarabu. Jua likahama. Hatimaye Kuntai akarudi, akaninyooshea fimbo kama mtu anayeonyesha mbuzi aliyepotea. Nikamwambia niko kwenye utafiti wa ndege. Akasema ndege wa huku wote wako chini, wanakula chakula cha kuku wake. Kisha akaleta ngazi, akaishika kwa mikono miwili nilipokuwa nashuka, na hakucheka mpaka mguu wangu ulipogusa ardhi. Hilo lazima niliandike pia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa Keziah. Hakukuwa na njia nyingine.

Aliitazama laini niliyoikata akauliza ni panya gani alinisaidia. Akaipima kwenye simu yake. Kisha akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba laini hii si yangu tena. Laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huichukua. Namba humpa mtu mwingine.

Nikamwambia haiwezekani. Sanduku la posta halitolewi kwa mtu mwingine na barua zako zikiwa ndani. Akasema, "Mwalimu, hakuna sanduku. Mtu akikupigia na wewe haupo, hiyo simu imeenda na upepo. Haingoji."

Keziah ni mama mzuri, lakini huuza pia dawa ya mende na soksi. Mtu anayeuza vitu vingi hawezi kuvijua vyote. Nikamtaka athibitishe. Akaipiga namba yangu, ile niliyomwimbia Namalwa, na akaniwekea simu sikioni.

Ililia. Akapokea msichana. Akasema halo, kisha supa, salamu ya Kimaasai, kisha halo tena. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi wakicheka. Nikakata.

Nikaketi kwenye kiti cha Keziah. Akanipa maji bila kuombwa. Kisha akafanya ile hila ya kila mtu: akajifanya anatuma pesa kwa namba hiyo, jina la mwenyewe likatokea, naye akaghairi. Resian.

Kuna Resian anayeishi ndani ya namba yangu. Na kila mpeasi unapochanua, yeye ndiye anayeambiwa.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango wa kwanza: kurudisha laini kwa njia ya ofisi.

Nimeshuka hadi Kajiado, kwenye duka la Nyika. Koti la harusi ya Mukonyo, viatu vilivyopigwa rangi. Nilimwambia kijana wa dirishani kwamba laini yangu imepotea na naomba ile ile. Si uongo. Imepotea kwangu.

Akaniomba nitaje namba tatu nilizozipigia hivi karibuni. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa kupiga. Mimi ni mtu wa kupigiwa. Akasema basi nitaje moja tu. Nikamwambia tangu nizaliwe nimepiga simu pale tu ilipolazimu, na kwa kawaida nilituma ule ujumbe wa bure wa kuomba nipigiwe. Watu nyuma yangu kwenye foleni walianza kufurahi.

Akatazama kompyuta yake, akasema namba hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe haonekani kuwa mzee. Kisha akaniuzia laini mpya.

Niliikubali kwa sababu ya kimkakati. Akaitia kwenye simu ya Mukonyo, akagusa hapa na pale, akaniambia niizime na kuiwasha. Ikasema karibu Nyika. Mara moja! Haikuuliza imetoka wapi, ya nani, wala kwa nini imekuja. Laiti watu wangepokelewa hivyo.

Njiani nilipita Isinya bila kutazama nje. Nilikuwa nakariri namba mpya. Haina wimbo.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naandaa mpango wa pili.

Nimemtumia Resian ujumbe wa bure wa kuomba anipigie. Kisha mwingine. Kisha kadhaa. Jioni akapiga. Nikapokea kwa sauti nzito. Nikamwambia naitwa Afisa, natoka makao makuu ya Nyika, na kuwa namba yake imegunduliwa na hitilafu ya kiufundi. Inatakiwa irudishwe kwetu kwa usalama wa taifa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa nini afisa wa makao makuu hana salio la kumpigia.

 Nikasema ni utaratibu wa kubana matumizi. Akaanza kucheka. Akawaita wenzake wasikilize. Akaniambia, "Babu, siku hizi wakora mmezeeka. Enda ulale, utashikwa na baridi." Akakata.

Ndulu angekuwa hai angecheka mpaka ashike meza. Mke wangu alikuwa mkarimu kwa kicheko. Amezikwa huku Kitengela, kwenye makaburi ya umma, kati ya watu tusiowajua. Mama huku, mtoto kule. Siku zake za mwisho hakuniomba chochote ila nimuulizie Namalwa kama mpeasi bado uko. Nilimjibu uko. Sikuwa najua.

Jumatatu, 10 Februari

Kuntai amejua. Keziah alimwambia mke wa Kuntai, naye hana siri ila zile alizozisahau.

Alikuja akaketi kwenye jiwe langu la kufulia. Nilidhani amekuja kunisimanga. Akasema nimwambie lote, tangu mwanzo. Nikamwambia. Nilipolitaja jina la Muteti aligeuza uso, akaitazama fimbo yake. Kwao Wamaasai aliyekufa hatajwi kwa jina, hasa kijana. Tangu hapo alisema "yule". Aliniuliza yule alizikwa upande gani wa mti. Akauliza kama yule alipenda mbuzi. Nilimwambia alipenda kusoma, na kukwea mahali asipotakiwa. Kuntai akasema sasa anaelewa mambo ya tanki.

Kisha akatoa simu yake, akaweka sauti kubwa kama kawaida yake, akampigia mtu aliye Kisaju. Huyo akampigia mwingine. Kabla chai haijachemka alikuwa na jibu: kuna Resian anayefungasha maua ya waridi kwenye shamba moja Isinya, mjukuu wa mtu wa ukoo wake. Amezungumza naye. Amemwambia Afisa wa makao makuu atakuja kesho, yeye mwenyewe, ana kwa ana.

Mimi na hila zangu siku nzima kanisani. Yeye na kikombe kimoja cha chai. Nilimshukuru, lakini si sana.

Jumanne, 11 Februari

Tulikwenda kwa pikapu ya Kuntai, na mbuzi watatu nyuma ambao hakuna aliyenieleza wanaenda wapi.

Resian alitoka wakati wa chakula cha mchana, na aproni ya kazi na buti za mpira. Msichana mrefu, macho ya kudadisi. Alimwinamia Kuntai aguswe kichwa, kama wafanyavyo vijana wao kwa wazee. Kisha akanigeukia mimi na kuniinamia pia. Sikujua nifanye nini na mkono wangu. Nikaweka. Nywele zake zilinukia waridi. Akaniita Afisa, na akajizuia kucheka, kwa heshima.

Nilimwambia mimi ni nani. Kicheko kikamwisha. Uso ukabadilika.

Akauliza kama mimi ndiye Mwalimu. Nikasema ndimi.

Kumbe Namalwa alipiga. Alipiga mara ya kwanza, Resian akamwambia amekosea namba, Namalwa akasema hawezi kukosea, namba hii ni wimbo. Akaimba. Resian hakujua la kumjibu mtu anayemwimbia namba yake mwenyewe. Kwa hiyo akasikiliza. Namalwa akamwambia mpeasi umechanua, amwambie Mwalimu. Msimu uliofuata akapiga tena. Wakawa wanazungumza. Habari za mvua, za magoti, za mchumba wa Resian ambaye Namalwa hakumpenda kwa kusimuliwa tu. Resian alimtafuta huyo Mwalimu. Aliuliza wazee wa kanisani kwao. Isinya nzima haikuwa na Mwalimu mwenye mpeasi.

Nikauliza alipiga lini mara ya mwisho.

Resian akatazama chini. Akasema yule mama hatapiga tena. Mwezi wa Desemba alipiga binti yake, Lorine. Aliikuta namba kwa mkaa nyuma ya mlango, wakati wanatoa vitu vya marehemu. Resian hakulitaja jina la Namalwa hata mara moja. Alimwita mama wa wimbo.

Kuntai akaondoka, akaenda kuwatazama mbuzi wake, ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Resian akanipa lililobaki. Shamba letu la zamani limepata mnunuzi. Lorine alipiga tena wiki jana akitafuta ukoo wa Mwalimu, na akaahidi kupiga leo, siku ya soko, kwa kuwa kule mtandao uko sokoni tu na juu ya kilima cha shamba. Tukasubiri kwenye pikapu. Resian alirudi kazini, akatuachia simu yake kama mtu anavyoacha mtoto kwa jirani.

Ililia. Ile namba, nikiwa nimeishika mimi.

Sauti ya Lorine ni ya mama yake, ila ina haraka. Niliondoka kule akiwa mdogo. Akasema pole, nikasema pole. Akasema mnunuzi si mtu mbaya. Ataleta trekta kabla ya mvua. Ameambiwa kuna mtu chini ya mpeasi, na amesema baba mzazi akisema mti uachwe na mahali pake, yeye ataweka ua na kupita mbali. Lakini anataka kulisikia kwa baba mwenyewe. Siku ya trekta Lorine ataazima simu, apande kilimani, anipigie, ampe mnunuzi tuseme naye. Siku hiyo haijui. Trekta ni la kukodi, likifika limefika, halingoji.

Nikamsomea namba yangu mpya. Akaiandika kiganjani. Akasema akifika nyumbani ataiandika mlangoni. Nikamwambia aifute ile ya zamani, isiendelee kumsumbua binti wa watu. Akasema ataifuta.

Nimejiandalia maneno ya kumwambia mnunuzi. "Mwache alale. Mti ni wake." Mafupi. Nimeyafanyia mazoezi mpaka hayanitetemeshi.

Alhamisi, 13 Februari

Simu haijalia. Nyika ni mbovu hapa bondeni. Ndani ya nyumba, hakuna. Jikoni, hakuna. Kizingitini, kijimstari kimoja cha mtandao kinachokuja na kuondoka kama jamaa wa mbali. Nimehamisha kiti mpaka lango la nje na nimekaa hapo tangu asubuhi, mkono juu.

Kuntai amepita na ng'ombe. Akaniuliza kama naapishwa. Simu yake ikalia papo hapo, mfukoni, mistari yote. Alikuwa ni mtu wa kuuza chanjo ya kuku. Wakaongea kwa furaha nusu ya asubuhi.

Mtu wa chanjo anamfikia yeye. Na mimi ninayesubiri neno moja, ninanyoosha mkono hewani.

Jumamosi, 15 Februari

Tatizo nimelitatua. Mimi mwenyewe, bila Kuntai.

Leo Kitengela kuna kampuni mpya ya simu. Wamepiga hema karibu na stendi, muziki, vijana wanacheza. Wanatoa laini bure, na mwavuli. Msichana wa hema aliniapia kwamba mtandao wao unashika hata kisimani. Nikafikiri kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Lorine atapiga. Mtandao wa Nyika ni mbovu. Mtandao mbovu utanikosesha simu ya Lorine. Kwa hiyo niwe na mtandao mzuri. Hakuna pengo mahali.

Keziah alinitazama kutoka kibandani kwake nilipokuwa nasajiliwa. Alitaka kusema jambo, lakini alikuwa na mteja wa soksi.

Nimetoa laini kwa mwiba, nimetia mpya. Simu ya Mukonyo haikulalamika. Inakubali yoyote, kama alivyoandika. Mistari yote imejaa! Ndani. Jikoni. Kitandani. Nimekwenda mpaka kwenye ua wa Kuntai nikalinganisha yangu na yake, na yangu imezidi kwa mstari mmoja. Akaihesabu mara mbili.  Ameniuliza tu kama Lorine wa kule ana namba hii mpya, nikamjibu asibadilishe mazungumzo.

Nimerudisha kiti ndani. Jioni hii naweza kusoma nikiwa nimekaa vizuri, simu mezani, mwavuli mlangoni. Mwavuli umekuja wakati wake. Mawingu yamejikusanya upande wa Ngong, mapema mwaka huu. Kule juu huwa inanyesha kabla yetu.

Laini ya Nyika sikuitupa. Mimi si mtu wa kutupa. Nimeifunga kwa kitambaa kile kile cha Ndulu na kuiweka kwenye mkebe wa majani chai, mahali salama. Laini haiozi. Siku Lorine akipiga, nitairudisha mara moja.